Vifundo vya kamera si mapambo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu aliyeandika juu ya kamera mpya za kidijitali zenye sura ya kizamani. Alisema kamera hizo ni mapambo ya shingoni kwa vijana wenye pesa, kwamba anayezinunua analipia ngozi na rangi tu, na kwamba mpiga picha wa kazi hana shughuli nazo. Mimi ni mpiga picha wa kazi. Nina studio ndogo hapa Kamalondo, Lubumbashi, nimepiga harusi kwa miaka kumi na tisa, na tangu mwezi wa tatu naumiza kichwa juu ya kamera ya aina hiyohiyo, Nikon Zf. Ndiyo maana maneno yake yalinigusa mfukoni na moyoni pia.

Alipopatia nakubali mara moja: bei ni kubwa. Ilipotangazwa Septemba 2023, Zf iliuzwa Marekani dola 2,000 kasoro senti tano, mwili mtupu bila lenzi. Aliyeitaka pamoja na lenzi ya milimita 40 aliongeza dola 240. Hizo ni bei za kule, za mtu anayeingia dukani na kutoka na boksi. Kwetu sisi kuna mtu anayekubebea kutoka Dubai, naye ana chake. Kuna ushuru. Kuna betri ya pili, ambayo katika mji unaokatika umeme si anasa, na kuna kadi ya kuhifadhia picha. Nimepiga hesabu hiyo nyuma ya daftari la wateja mpaka karatasi imechoka: ikifika mkononi mwangu tayari kwa kazi, Zf itakuwa imekula dola 2,700.

Kwa harusi ya kawaida nalipwa dola 150. Nikitoa albamu, usafiri, chakula na posho ya kijana ninayefanya naye kazi, ninabaki na 60. Basi Zf kwangu ni harusi arobaini na tano. Naomba wasomaji wenu waishike namba hiyo, maana mimi bei sizipimi kwa dola, nazipima kwa Jumamosi.

Lakini mwandishi wenu aliishia kwenye ukubwa wa bei, hakuuliza inalipia nini. Angeuliza, angekuta kwamba kuna njia rahisi ya kujua sura ya kizamani inauzwa kiasi gani. Mwezi wa nne mwaka 2025 Nikon walitoa kamera nyingine, Z5II, kwa dola 1,700. Ndani yake ni ndugu wa Zf kabisa: sensa, kile kioo cha ndani kinachopokea picha, ya ukubwa uleule wa filamu ya milimita 35, megapikseli 24.5 zilezile, prosesa ileile ya EXPEED 7. Tofauti kubwa iko nje. Z5II ina sura ya kamera za siku hizi, ina kishikio kizuri cha vidole, na ina nafasi mbili za kadi kubwa za SD. Zf ina vifundo vya kuzungusha juu yake: kimoja cha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kimoja cha mwendo wa shata, yaani muda wa kuuruhusu mwanga uingie, kimoja cha kuongeza na kupunguza mwanga. Ukiweka lenzi ileile na gharama zilezile za njiani, Z5II inafika kwangu kwa dola 2,400. Tofauti ni dola 300, yaani harusi tano.

Swali langu la miezi yote hii limekuwa hilo tu. Je, vifundo vitatu vya chuma vina thamani ya harusi tano?

Nisingethubutu kujibu kwa kusoma magazeti. Mwezi wa tano, mtoto wa mama yangu mdogo anayeishi Brussels alikuja kwa kilio cha bibi yetu, na shingoni alikuwa na Zf. Aliona jinsi ninavyoiangalia akaniambia, "Yaya," yaani mkubwa wangu, "itumie tu mpaka siku ya kurudi." Nilikaa nayo siku tisa. Niliipeleka kwenye dote moja, sherehe ya kutoa mahari, Ruashi na harusi moja Katuba, na mfukoni nilikuwa na kamera yangu ya zamani, nikiogopa.

Niwaeleze kwanza tatizo ambalo kila mpiga picha wa harusi wa mji huu analijua, hata kama hajawahi kulitamka. Kipima mwanga cha kamera hakijui harusi ni nini. Kimetengenezwa kikidhani kwamba mandhari yoyote, ukiyachanganya pamoja, yanatoa rangi ya kijivu ya kati. Sasa mlete bi harusi wetu. Ana ngozi nyeusi nzuri na gauni jeupe linalojaa nusu ya picha. Kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga. Gauni linatoka kijivu kama limefuliwa na majivu, na uso wa binti unazama. Mgeuzie bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera inafanya kinyume, inamwagia mwanga mpaka paji la uso linang'aa kama sahani. Kamera za leo zimeerevuka, zinatambua nyuso, lakini gauni likiwa kubwa bado zinadanganyika. Hapo ndipo unapohitaji mkono wa mtu: kuongeza moja, kupunguza moja, siku nzima, mara mia.

Kwenye kamera yangu ya zamani nabonyeza kitufe kidogo, nakishikilia, nazungusha gurudumu kwa kidole kingine, naangalia namba kwenye kioo. Nimezoea, lakini namba hiyo siioni mpaka nimewasha na nimetazama ndani. Kule Katuba nilisimama mlangoni mwa kanisa nikiwa na Zf tumboni. Nje jua la saa nne lilikuwa linapiga udongo mwekundu, ndani giza na taa mbili za balbu. Nilishusha macho, nikaona vifundo vyote vitatu kwa mara moja kama mtu anavyosoma saa ya ukutani: 1/250, ISO 200, sifuri. Kabla bi harusi hajafika ngazi ya kwanza nilikuwa nimegeuza 1/125, ISO 3200, na moja juu kwa ajili ya gauni. Aliponyanyua vela nilikuwa natazama uso wake, si mashine yangu. Picha ile imetundikwa sasa studioni. Unaona uzi wa lesi kwenye bega na unaona pia chozi chini ya jicho la kushoto.

Hilo ndilo ninalomwambia mwandishi wenu. Mapambo hayafanyi kazi hiyo.

Sisemi kamera haina kasoro, tena nina mbili ambazo zinaniuma kwa sababu ninaipenda.

Ya kwanza ni kadi. Zf ina nafasi mbili, lakini ya pili ni ya microSD, ile kadi ya simu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Na zote mbili ziko chini, ndani ya mlango wa betri, hivyo kamera ikiwa kwenye miguu mitatu huwezi kuzigusa mpaka uifungue kwanza. Jioni ile Katuba, uani, kijana wangu alitaka kutoa kadi ndogo ili aanze kuhamisha picha. Aliibonyeza, ikaruka kama panzi. Tulipiga magoti watu watatu kwenye mchanga, na tochi za simu, mama mmoja akitusaidia kwa kupepeta mchanga polepole kwa viganja vyake kama anapepeta unga wa bukari. Tuliipata chini ya mguu wa kiti cha plastiki. Moyo wangu ulirudi mahali pake usiku sana. Harusi hairudiwi, Bwana Mhariri. Ukipoteza kadi umepoteza siku ya watu. Kamera ya dola 2,000 ilistahili nafasi mbili za kadi kubwa, kama Z5II ya dola 1,700 ilivyopewa, na sioni sababu ya kutosha kwa nini hazikuwekwa.

Ya pili ni mkono. Zf haina kishikio mbele. Ni bapa kama kamera za zamani zilivyokuwa. Na betri na kadi ndani ina gramu 710. Ukiweka lenzi ndogo ya milimita 40 inakaa vizuri. Ukiweka lenzi ndefu ya kuvuta, ile ya kazi, mpaka wakati wa keki vidole vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Kuna kishikio cha kufunga kwa skrubu kinachouzwa pembeni, na mimi nitakinunua, lakini ni pesa nyingine.

Naongeza na jambo dogo. Vifundo vya ISO na shata vina kitufe cha kufuli katikati. Kile cha kuongeza na kupunguza mwanga hakina. Siku ya dote kiligeuka chenyewe kwenye mkoba, nikapiga picha kumi na moja za wazee wa ukoo zikiwa nyeusi kabla sijagundua. Ziliokoleka kwenye kompyuta.

Nilimpelekea kamera hiyo baba yangu. Ana miaka sabini na minane, na ndiye aliyefungua studio hii. Kwa miaka mingi alifanya kazi na Nikon FM2, ambayo ndiyo Zf imefananishwa nayo. FM2 ilitoka mwaka 1982, shata yake ya vibapa vya titani ilifika 1/4000 ya sekunde, na yote ni mitambo: betri zake mbili ndogo zilikuwa za kipima mwanga tu. Miaka ambayo betri hizo hazikupatikana mjini, baba aliendelea kufanya kazi. Jua kali, filamu ya ISO 100, tundu la lenzi la kuingizia mwanga kwenye 16, shata 125, yaani 1/125. Kivuli, unafungua mara mbili au tatu. Alinifundisha hivyo kabla sijajua kugawanya kwa penseli.

Aliipokea Zf ikiwa imezimwa. Aliigeuzageuza, akapitisha kidole gumba juu ya kifundo cha shata, akakisikiliza kinavyogonga, akaniambia, "Uliiacha kwenye mia mbili na hamsini." Ilikuwa kweli. Kisha akashika lenzi akitafuta pete ya kufungulia tundu, akazungusha, akatafuta tena. Haipo. Lenzi ile ina pete moja tu, na namba ya tundu inaonekana kwenye kidirisha kidogo juu ya kamera, na kidirisha hicho kinahitaji umeme. Baba alinirudishia akasema, "Wamerudisha nusu." Aliuliza pia betri ikiisha inakuwaje. Nikamwambia haipigi. Akanyamaza. Ninamheshimu baba yangu na maneno yake ni ya haki: anayedhani ananunua FM2 mpya asinunue. Zf ni kompyuta, na inakufa kama kompyuta. Faraja ni kwamba inachaji kwa waya wa USB-C, hata kwa pawabenki, na umeme ukikatika siku mbili bado naweza kwenda kazini.

Lakini nusu iliyorudishwa ndiyo nusu ya kufundishia. Kijana wangu ana miaka ishirini na mbili, ana jicho zuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake, na miaka miwili nimeshindwa kumtoa kwenye otomatiki. Menyu ziko kwa Kifaransa cha mafundi, zina kurasa na kurasa, naye anaona aibu kuuliza. Nilimpa Zf nikamweka uani chini ya mwembe. Nikamwambia, toka 125 nenda 250: mwanga umepungua nusu. Sasa toka 400 nenda 800 upande wa pili: nusu imerudi. Aligeuza huku, akageuza kule, akapiga, akatazama. Baadaye akaanza kucheka peke yake. "Mama, kumbe ni mizani!" Alasiri moja. Mambo niliyoyachora ubaoni mara ngapi sijui, vidole vyake viliyaelewa alasiri moja. Jioni bibi wa jirani alipita akaomba picha isiyo na rangi, kama ile ya marehemu mume wake ukutani. Kijana akasukuma kiswichi kwenye picha nyeusi na nyeupe, kiko hapohapo chini ya kifundo cha shata, akampiga bila kuniita.

Mwandishi wenu aliziweka kamera hizi zote kwenye kapu moja, na hapo pia namsahihisha. Fujifilm X100VI, iliyotoka mwaka 2024 kwa dola 1,600, ni nzuri na ina vifundo vyake, hata pete ya tundu ambayo baba aliitafuta, lakini lenzi yake haitoki. Kwa harusi zangu peke yake haitoshi. Wala mtindo huu haukuzuka jana. X100 ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2011. Nikon wenyewe walitoa Df mwishoni mwa 2013 kwa dola 2,750 bila lenzi, ina megapikseli 16 na haipigi video hata dakika moja. Ukiitazama kutoka hapo, Zf imeshuka bei na imeongezwa mengi.

Tena kuna sababu ya kampuni kurudi huku. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu ilizila. Kilichobaki kuuzwa ni kile ambacho simu haina, na simu haina kifundo. Mwandishi wenu anaita hilo ujanja wa biashara. Inawezekana. Lakini hata jembe linauzwa kwa biashara, na linalima.

Vifundo hivyo, kwa njia, vimechongwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Kwenye kamera ya mdogo wangu rangi nyeusi imeanza kulika pembeni na chuma cha njano kinachungulia. Siwezi kueleza vizuri kwa nini hilo lilinifurahisha, mtu niliyekulia mji ambao bomba la moshi na kilima cha mabaki ya shaba ndivyo alama yake. Tunaitoa ardhini hapa, inapita mpaka wa Kasumbalesa kwenye malori, hatuioni tena. Sisemi ni shaba yetu. Nasema nilipoishika niliijua.

Basi hesabu yangu imefungwa hivi. Tuko watu kumi kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kila mmoja dola 100 kwa mwezi, na zamu yangu ni mwezi wa nane: dola 1,000. Akiba yangu ni 1,350. Kamera yangu moja ya zamani nimempatia mnunuzi kwa 350. Nimeagiza Zf, nyeusi. Kuhusu kadi nimepata dawa: nitaiweka ile ndogo ndani siku ya kwanza, kamera iandike kila picha kwenye kadi zote mbili, na ile ndogo haitatolewa nje ya studio. Kwenye mchanga wa Katuba haitaruka tena.

Simlaumu mpiga picha mwenzangu atakayechagua Z5II akabaki na dola 300 zake. Ana nafasi mbili za kadi kubwa, ana kishikio, picha zake zitakuwa safi sawa na zangu, na kama ana watoto wa kulipia shule mwezi wa tisa, ningemshauri achague hiyohiyo. Mimi nina kijana wa kufundisha na nina macho ya miaka arobaini na sita yanayochoka kwenye menyu. Harusi tano nitazifanyia kazi.

Nakuomba, Bwana Mhariri, umfikishie mwandishi wako mwaliko wangu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa nina harusi Katuba, misa ni saa nne asubuhi. Aje mapema kidogo. Nitamkabidhi kamera mlangoni, ikiwa imezimwa, anisomee vifundo, halafu tuingie pamoja.

Mpiga picha wa Kamalondo,
Lubumbashi